Neno Lililokataa Kufutwa

Gazetini kwao walimwita Makasi, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa mhariri wa matangazo ya vifo, na hakuwa na huruma na neno lisilo na kazi. Ukimpelekea "kifo cha ghafla kisichotarajiwa", atakuuliza kama umewahi kuona cha ghafla kilichotarajiwa.

Mchana mmoja alikuja mama wa makamo na shemeji yake kutangaza msiba. Mume wa huyo mama, fundi saa, alikuwa ameanguka asubuhi dukani kwake, saa ya mteja mkononi. Hospitali walimpima wakasema amefariki. Shemeji ndiye aliyeandika tangazo, na kalamu yake haikuwa na breki: "Kwa masikitiko makubwa na huzuni isiyo na kifani, familia inasikitika..."

"Poleni sana," Makasi alisema. "Kaeni hapo kwenye benchi. Nikimaliza nitawasomea."

Akayatoa masikitiko, maana kusikitika kulikuwamo tayari. Akaitoa na huzuni isiyo na kifani, kwani kila msiba unadai hivyo hivyo. Ndipo akafika kwenye "inaonekana ametutoka". Ama mtu ametutoka, ama hajatutoka. Kuonekana kunatoka wapi? Akalifuta neno hilo, ikabaki sentensi safi: "Fundi saa wa mtaa wetu ametutoka." Akaituma kwa mpanga kurasa, aliyekaa meza ya pili.

Printa ikatoa ukurasa: "Fundi saa wa mtaa wetu inaonekana ametutoka."

"Wewe, nani kakutuma urudishe neno?"

"Dada, mimi hata kusoma sijasoma," mpanga kurasa alicheka. "Napanga tu. Ningekuwa na ruhusa ya kugusa maneno ya watu, ningeanza kupunguza yako."

Safari hii Makasi alilifuta kwenye kompyuta ya mpanga kurasa mwenyewe, wote wawili wamekodoa macho. Waliliona likitoweka. Printa ikanguruma, na neno likatoka nayo, limekaa pale pale kama mwenye nyumba.

Mpanga kurasa akaacha utani. "Dada, achana nalo," alinong'ona.

Alikuwa ameua maneno mengi maishani mwake, wala hakuna lililowahi kumrudia. Akaichukua ile karatasi ya mwanzo, iliyoandikwa kwa mkono, akaenda nayo kwenye benchi.

"Samahani. Hili neno 'inaonekana', mlilitaka wenyewe?"

Shemeji akaitazama karatasi, akajipangusa uso kwa kiganja. "Mwandiko ni wangu," alisema polepole. "Lakini hilo neno sikuliandika."

"Ni la mume wangu," mama akasema. "Mtu akimletea saa iliyosimama, hasemi imekufa. Husema inaonekana imekufa, mpaka aifungue ndani." Mara akainuka kwa nguvu hata mkoba ukadondoka. "Shemeji, piga simu hospitali! Piga sasa hivi!"

Shemeji akapiga, akaweka spika. Mhudumu wa chumba cha maiti alipokea kwa uchovu. Akasema wafiwa wengi huwa hivyo, wampe mama maji anywe. Mama akaipokonya simu.

"Mwanangu, nakuomba kwa mama aliyekuzaa. Kaangalie tu."

Wakasikia viatu vikienda zake, mlango mzito ukifunguka, kisha kimya. Kimya kile kilirefuka mpaka shemeji akaanza kulia. Halafu viatu vikarudi mbio.

"Mama," mhudumu alisema, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "Njooni. Njooni na blanketi."

Fundi saa alikaa wodini wiki kadhaa, akarudi nyumbani mwembamba kama ufito. Makasi alikwenda kumjulia hali. Habari za tangazo hakuna aliyekuwa amemwambia mgonjwa. Mkewe aliogopa kumshtua.

"Kulikuwa na giza, na baridi ya kukata mifupa," fundi alisimulia. "Nilikuwa na nguvu ya neno moja tu. Nikalisema, mtu akalifuta. Nikalisema tena, akalifuta tena. Sikumwona sura, ila nilijua ana mkono mwepesi."

Makasi akainamisha macho kwenye kikombe chake.

"Ni mimi, baba," alisema.

Fundi alimtazama bila hasira. Kisha akamwita mkewe aje akae karibu naye, akamshika mkono. "Nawe ndiye uliyelisikia," alimwambia.