Kunyolewa kwa Mtu wa Mawe

Mwaka wa pili sasa, juu ya mawe ya Igogo aliishi mtu asiyesema. Nywele zilimfika mgongoni, zimeshikana kama katani, na nguo yake ilikuwa gunia. Watu wa maombi walisema ni nabii, mfano wa Yohana wa nyikani. Wengine walisema ndiye mzimu mwenye mlima ule. Dilshad wa dukani alimpelekea chapati kila wiki na hakutaja sababu. Mtu yule alikula vya wote bila upendeleo, na huenda ndiyo maana kila kundi lilimhesabu kuwa mtu wake.

Dorotea, muuza dagaa, hakuwa na haja na nabii. Alikuwa akimtafuta kaka yake Shigela, aliyetoka nyumbani kwao Usagara miaka saba iliyopita kwenda mnadani na ng'ombe wawili, asirudi yeye wala ng'ombe. Ukoo ulikuwa umechoka kusubiri. Jumamosi wangezika shina la mgomba badala ya mwili wake, ili mama yao apate kulia, naye Rose, mke wa Shigela, awe huru kuolewa tena. Dorotea peke yake alikataa. Kimo cha yule mtu wa mawe, sawa na cha Shigela, kilikuwa kimemnyima raha. Shigela alikuwa na kovu kisogoni, alipopigwa pembe na fahali utotoni, na chini ya nywele zile hakuna ambaye angeliona.

Ijumaa akapanda na mkasi, wembe na kopo la maji. Yakobo, kiongozi wa maombi, akamzuia njiani. Alimweleza kwa upole kwamba nguvu za mtumishi zimo kwenye nywele, kwamba mtoto wake mwenyewe alipona degedege pale pale, na kwamba mambo hayo hayachezewi.

"Ninyi mtapata mwingine wa kuwaombea," Dorotea alisema. "Mimi kaka ninaye mmoja."

Akapita. Watu wakamfuata, kwa kuwa kutazama ni bure.

Yule mtu hakukimbia. Alipouona wembe aliinamisha kichwa mwenyewe. Nywele zikadondoka mafungu mafungu. Likajitokeza sikio, kubwa kuliko walivyotegemea, kisha la pili, na mtu mmoja nyuma akacheka. Dorotea alinyoa mpaka kisogo kikang'aa. Kilikuwa kizima, hakina hata alama ya kipele.

Uchungu ulimshika Dorotea. Nyuma yake mama mmoja alichukua sufuria yake ya ugali, bado ya moto, akateremka nayo. Yakobo naye akaondoka, na wengine wakamfuata. Nabii alikuwa amekwisha. Alibaki kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye masikio.

Kijana alijipapasa upara polepole, mbele na nyuma, kisha akamtazama Dorotea kwa huruma. Kwao mtu mzima hanyolewi upara na mwanamke hivi hivi. Hunyolewa kwenye msiba, wafiwa wote pamoja.

"Tumefiwa na nani?" akauliza. Lafudhi ilikuwa ya Kisukuma kabisa.

Miaka saba Dorotea hakuwahi kukiri kwamba wamefiwa.

"Shigela," alisema. "Kaka yetu."

Yule mtu akauchukua wembe mkononi mwa Dorotea, akausuuza kwenye kopo. Dorotea akafungua kilemba, akainama.