Nusu ya Dereva

Pale Wandaloo, kambi ya karavani, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, hakuna anayetazama milima. Milima ipo, majani yameshageuka mekundu, yatangoja. Watu hutoa viti vya kukunja, hufungua bia, wakakaa kwa mstari kuwatazama wanaowasili wakipiga rivasi. Mume yuko kwenye usukani anatokwa jasho, mke yuko nyuma anapunga mikono, na sisi tuliokwisha kuegesha tunatoa maksi. Nimeona ndoa tatu zikifia pale. Moja ilikuwa ya mchungaji.

Mimi na mume wangu Clarrie tulikuwa mabingwa. Miaka thelathini na moja, kiwanja namba tisa, kile chenye kona mbaya kati ya bomba la maji na kisiki. Yeye aliendesha. Mimi nilisimama nyuma kabisa, mgongo kwenye kisiki, nikionyesha: kushoto, kulia, njoo, njoo, simama. Dirisha alilifunga.

"Ukipiga kelele nachanganyikiwa, Nol," alikuwa akisema. "Nipe mikono tu."

Basi nikampa mikono. Mwaka mmoja aligonga bomba, maji yakaruka hadi paani, nami nikamgombeza mpaka chai ikapoa: Nilikuonyesha kulia, macho yako yalikuwa wapi? Akaniangalia kwa upole, akasema, "Kweli, Nol. Ulionyesha kulia. Kosa langu." Nilitembea na ushindi ule miaka kumi.

Clarrie alitutoka mwezi Agosti, kwa figo. Mwanangu Brendan, mwenye moyo mzuri na subira ya nyigu, akataka karavani iuzwe. Alikuwa ameshampata mnunuzi, mtu wa mji wa Wangaratta, aje kuiona Jumamosi ya Pasaka.

"Mama, nani ataivuta? Una miaka sabini na goti la bandia."

"La bandia ndilo zima. Linaloniuma ni lile la Mungu."

"Mama, bwana."

"Nisikilize. Nitaivuta mwenyewe mpaka Wandaloo, na nitaiingiza mwenyewe namba tisa. Nikishindwa, muuzie huyo mtu wako. Nikiweza, hutaitaja tena mpaka mnizike."

Alikubali kwa sababu alijua sitaweza. Mimi nilijua nitaweza. Duka la vipuri lilikuwa la Clarrie, jiko lilikuwa langu, na watoto tuligawana kulingana na nani hajawakasirikia siku hiyo. Lakini rivasi ya namba tisa ilikuwa yetu sote wawili. Niliona mimi ni nusu ya dereva tayari. Ilibaki kujifunza nusu ya pili, na hiyo, nikawaza, ni kukaa tu.

Tulifika saa tisa alasiri. Mstari mzima ulikuwa umekaa. Glenys, jirani yetu wa namba kumi tangu enzi za nywele zake nyeusi, aliinua kopo la bia.

"Noelene! Umeiba gari la nani?"

"La mumeo! Kasema nisiwahi kurudi!"

Wakacheka. Nikamwambia Brendan ashuke akasimame kwenye kisiki, palepale ninaposimama mimi.

"Nisimame pembeni kidogo, Mama. Ni..."

"Palepale."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaenda.

Nikafunga dirisha, nikaweka gia ya nyuma, nikatazama kioo cha kushoto. Ukuta mweupe wa karavani. Kioo cha kulia: bomba la maji, na miguu ya Glenys. Brendan hakuwepo. Nikarudi nyuma kidogo, nikatazama tena. Ukuta. Nikajiambia vioo vimekaa vibaya. Nikashuka, nikavigeuza, nikazunguka mpaka nyuma. Brendan alikuwa pale pale kwenye kisiki, mikono juu, anapunga kama mtu anayefukuza kunguru. Nikarudi kwenye usukani. Ukuta. Bomba. Miguu.

Nikazima injini.

Siku zote nikiwa kwenye kisiki nilikuwa naona taa nyekundu za nyuma zikinijia, zikisimama ninaposimamisha mkono. Kwangu taa zile zilikuwa macho yake. Na sasa niko mahali alipokuwa akikaa yeye, naangalia alikokuwa akiangalia, na huko mimi sipo. Sikuwahi kuwepo. Alikuwa akipima kwa bomba na kwa viti vya majirani, nami nyuma napungia bati.

"Vipi huko, bibie, umelala?" Glenys akapiga kelele.

Nikawasha. Nilifanya alivyofanya yeye: nikashika bomba kwa jicho moja na viti kwa jicho la pili. Mara ya kwanza nilikwenda kombo, ya pili pia. Mara ya nne nililitambua kosa langu, ya tano nikalirudia. Mara ya sita karavani iliingia, imepinda kama meno ya bibi yangu, lakini ndani ya mistari yote minne.

Nikangoja maksi. Kwa rivasi ya mara sita, Clarrie angezomewa mpaka Krismasi. Hakuna aliyezomea. Walisimama, wote, wakapiga makofi taratibu, na mmoja akafuta macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi ni mjane. Kanisani siku ya mazishi watu walilia na sikujua.

Glenys alikuja kunishika mkono nikishuka.

"Glenys, mlikuwa mnajua? Kwamba pale kwenye kisiki Clarrie hanioni?"

Akatazama kopo lake. "Jamani, Noelene. Mtu akiwa nyuma kabisa haonekani, hata mbwa wangu anajua. Tulidhani na wewe unajua. Tulidhani ni mchezo wenu wawili."

"Mchezo."

"Mlikuwa mnapendeza," akasema.

Laiti ungekuwa mchezo wetu wawili. Ulikuwa wa mmoja, na aliyeujua ameuchukua. Ningependa kumuuliza jambo moja tu, si kwa ugomvi: Clarrie, ulikuwa unanipenda au ulikuwa unanicheka? Najua angejibu nini. Angesema, "Kweli, Nol. Kosa langu."

Brendan alikuja anapangusa viganja, uso umempauka kwa hofu. "Umeshinda, Mama. Nampigia yule mtu asije."

"Ngoja kwanza. Baba yako alikuwa ananiona nikisimama pale?"

Akavitazama vioo. "Alikuwa anakuona. Wewe vioo umevigeuza vibaya tu. Baba alivipanga tofauti."

"Hebu vipange kama yeye."

Akapanda, akavigeuza geuza kwa muda mrefu mno. Mimi nikazunguka nyuma, nikajibana kati ya karavani na kisiki, mgongo mahali pake. Mbele yangu bati jeupe tu, na tone la mvua linateremka.

"Unaniona?"

"Nakuona vizuri kabisa!"

"Nimeinua vidole vingapi?"

Nilisikia mtu akifungua bia mahali fulani.

"Vitatu, Mama!"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mifuko ya koti.

"Umepata," nikamwambia.

Aliteremka akitabasamu kama alivyotabasamu siku ya kwanza alipoendesha baiskeli bila kushikwa. Nikamwambia ampigie mtu wa Wangaratta, amwambie aje kesho, asingoje Jumamosi.

"Lakini umeshinda, Mama."

"Nimeshinda. Goti linaniuma."

"Lipi?"

"Yote mawili," nikasema, na yeye, maskini, akaamini, akaondoka haraka kutafuta mahali penye mtandao. Nikaingia ndani, nikafungua kabati la juu, nikaanza kufunga vikombe kwa magazeti.