Chale Thelathini na Moja

Dukani kwa Profesa hakukuwa na kitu kizima isipokuwa mdomo wake. Redio hazina vifuniko, feni zina mapanga mawili, televisheni zimegeuzwa ukutani kama watoto waliopewa adhabu. Aliuza vyombo vya umeme vilivyotumika, na jina hilo la Profesa alipewa kwa sababu ukimuuliza bei, anakujibu kwa somo.

Fundi cherehani aliingia amekunja uso, mdogo wake wa kike nyuma yake. Huyo mdogo ndiye aliyeziona jana akakimbia kumwambia. Na kweli, zilikuwepo: spika mbili ndefu, nyeusi, chini ya lundo la nyaya. Moyo ulimpiga pa! Lakini uso hakuulegeza.

Zilikuwa zake. Zake na marehemu mumewe, walipokuwa wakipiga muziki kwenye sherehe za watu. Kila walipomaliza kazi, mume alichukua bisibisi akachanja chale moja ubavuni mwa spika ya kushoto. Chale thelathini na moja. Ya kwanza ilikwenda upande, kwa sababu siku hiyo bisibisi aliishika yeye fundi, na walikuwa wanacheka. Kisha mume akafa, na shemeji yake, jitu lile lisilo na haya, akazibeba akaziuza kabla macho ya mjane hayajakauka. "Vitu vya kaka yangu," alisema. Kaka gani? Kaka alipokuwa kitandani hakuja hata kumpa maji.

Sasa Profesa akinusa tu kwamba mtu anakitaka kitu, bei inapaa, na fundi hakuwa na pesa ya kupaa nayo. Dawa ilikuwa moja: kuponda. Na kuponda alifundishwa bure na wateja wake wa miaka kumi na tano, wale wanaovuta mshono wa gauni jipya na kusonya ili wapunguziwe.

"Haya masanduku ni ya nini?" akauliza. "Ya kufugia kuku?"

"Mama, hizo ni spika za kazi! Kasoro ndogo ndogo tu za nje. Ndani moto. Unajua, sauti haitoki kwenye mbao, sauti inatoka..."

"Sikuja kusoma, baba. Washa."

Profesa akawasha. Muziki ukajaa duka zima, mzito, ukamwingia fundi tumboni vilevile kama zamani. Mdogo wake akamtupia jicho. Fundi akasonya.

"Zinakoroma."

"Hazikoromi!"

"Kona imebonyea. Wavu umetoboka. Na hii nini hii?" Akapitisha kidole juu ya chale, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka ile iliyokwenda upande. "Tazama uchafu huu! Mtu na akili zake aweke hiki mbele ya wageni? Watasema nimeokota jalalani."

"Mikwaruzo tu hiyo, mama."

"Mikwaruzo, au imetafunwa na panya? Ningekuwa wewe ningeona haya kumuuzia mtu."

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "unazidisha."

"Hebu ninyamazie."

Profesa alitota jasho. Akashusha bei, akashusha tena, mpaka fundi akamwonea huruma kidogo, halafu huruma yenyewe akaifukuza. Akalipa, akaenda kutafuta gari.

Njiani alicheka mpaka akajishika mbavu. "Umeliona zuzu lile? Profesa! Hata hajui alichokuwa nacho." Akaeleza atakavyoiweka ile ya kushoto kando ya cherehani, ubavu wenye chale umwelekee, awe anaziona akishona. Gari lilisumbua kupatikana. Waliporudi jua lilikuwa limeshapinda.

Spika zilikuwa nje mlangoni, zimesimamishwa juu ya magazeti, zinameta. Harufu ya rangi ilifika barabarani. Profesa alijaa vumbi la msasa mpaka kwenye nyusi, kopo la rangi ya kupuliza mkononi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama, maneno yako yameniingia. Nimejiuliza, mimi mtu mzima namuuziaje mama wa watu takataka? Nimepiga msasa, nimeziba kwa gundi na unga wa mbao, nimepuliza rangi mara mbili. Bure kabisa! Ile mikwaruzo ya ubavuni ndiyo niliyoanza nayo."

Fundi akapiga magoti juu ya magazeti. Akapitisha kidole ubavuni mwa spika ya kushoto, kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Kidole kilitoka cheusi. Mdogo wake akageuza uso barabarani.

"Enhe, mama!" Profesa akasema, kifua mbele. "Haya, toa kasoro sasa."

Fundi alitafuta. Hakuiona hata moja.