Mgeni wa Nusu Kikombe

Usiku wa jana niliota sebule yangu imekuwa molekuli ya nitrojeni, na kilichonikera ni kwamba sikuwa nimefagia.

Nieleze kazi yangu kwanza, maana jirani zangu wanaamini natengeneza redio. Elektroni ikirushwa kwenye molekuli, kwa kawaida hupita tu. Mara mojamoja huingia, hukaa kitambo kidogo mno, kisha huenda zake. Mimi napiga hesabu ya hicho kitambo. Ili kompyuta isizidiwe, naizungushia molekuli kuta za kufikirika, kama sanduku. Halafu lazima nizisogeze kuta na kupiga hesabu upya. Nambari ikihama pamoja na ukuta, elektroni ilikuwa imezuiwa tu. Isipohama, ilikaa kweli.

Mwezi mzima sijasogeza ukuta. Nambari zilikuwa nzuri, nikaona za nini kuzichokoza.

Basi, hodi ikapigwa. Akaingia elektroni, mdogo kiasi kwamba ilibidi nimkadirie. Alikuwa amevaa kandambili za binti yangu, Kuruthumu.

Huyo Kuruthumu si wa ndotoni. Alikuja Jumamosi kutoka Morogoro kunitembelea siku mbili, na mpaka jana, Jumatano, alikuwa bado yupo, kwa sababu nilimwambia mabasi yamejaa. Sikuwa nimeuliza. Tangu mama yake atutoke, nyumba hii ina vikombe sita na mnywaji mmoja.

"Shikamoo, mwalimu," akasema elektroni.

"Marahaba. Karibu kiti."

"Una nishati kiasi gani?" likadakia birika.

"Elektronivolti mbili nukta tatu."

"Wa kukaa kidogo huyo," birika likaninong'oneza. "Nimtilie nusu kikombe."

"Jaza."

"Kanuni ni kanuni, mwalimu. Akitoweka ghafla, nani atapiga deki?"

Elektroni anakaa. Anakunywa. Hatoweki. Namuuliza habari za huko atokako.

"Huko hakuna kitu. Unakwenda tu moja kwa moja, na hakuna anayekuuliza umekula nini."

"Hata hapa pako hivyo hivyo," namwambia, "ila hapa hatuendi popote."

Anacheka. Nachukua daftari, naandika kwa wino mwekundu: AMEKAA. Navionyesha viti daftari. Kiti kimoja kinakohoa. "Mwache kwanza ajaribu kuondoka," kinasema, "ndipo uandike."

Elektroni anainuka, anaaga vizuri, anagonga ukuta. Anajaribu upande wa pili. Ukuta. Anarudi, anakaa palepale.

"Mwalimu, nyumba yako haina mlango."

"Mabasi yamejaa," nasema.

Papo hapo tukawa kwenye ofisi ya tiketi. Nyuma ya dirisha ameketi ukuta, amevaa miwani, anapiga mihuri.

"Wewe ndiye unayetangaza tumejaa?" ananiuliza. "Nafasi zipo tangu Jumatatu. Hebu nisogeze."

"Nikikusogeza ataondoka."

"Usiponisogeza hutajua kama alikaa."

"Sitaki kujua."

"Sawa." Anachukua fomu. "Nijaze hivyo hivyo? Mtafiti hakutaka kujua. Weka sahihi hapa."

Kalamu ikakataa kuandika. Basi nikaweka viganja ukutani, nikasukuma.

Ukuta unateleza shubiri moja, kisha hatua, kisha mtaa mzima. Unapita uani kwa jirani anayeanika nguo. "Pole na kazi, mwalimu," anasema, anainua kamba nipite. Kila kilichokuwa sebuleni kinaufuata ukuta: viti, kabati, birika ambalo halikuaga hata kidogo. Nabaki peke yangu kwenye sakafu isiyo na mwisho. Sithubutu kugeuka.

Nyuma yangu nasikia mtu anakunywa chai.

"Bado upo?"

"Nimebakiza kidogo."

"Njia iko wazi."

"Naiona, sijawa kipofu. Namalizia chai yangu. Kisha utanisindikiza, mwalimu, au kwenu hamsindikizi wageni?"

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshafika kwenye chandarua. Jikoni, Kuruthumu alikuwa anageuza chapati. Nikasema upesi, kabla woga haujaamka nao:

"Mama, mabasi hayajajaa. Sikuuliza."

"Najua, baba. Nilipiga simu Jumatatu."

Akaipua chapati, akaweka nyingine.

"Jumatatu?"

"Ndiyo. Naondoka kesho. Utanisindikiza stendi?"

"Hata leo, ukitaka."

"Nimesema kesho. Unanifukuza?" Akanipa kikombe, kimejaa mpaka ukingoni, halafu akakirudisha kwake. "Ebo! Nawa kwanza. Asubuhi yote hii ulikuwa unapaka rangi wapi?"

Nikatazama viganja vyangu. Vilikuwa vyeupe kwa chokaa, mpaka kwenye vifundo.