Hewa ya Ziada ya Fundi Kondo

Jumamosi saa nne asubuhi, Kondo alikuwa amechuchumaa mbele ya banda lake la kutengeneza jenereta pale Mtoni, akijaribu kwa mara ya kumi na mbili kuwasha jenereta ambayo haikutaka kuwaka. Haikutumia petroli tena. Iliunganishwa kwa mpira na dumu lenye maji, magadi na vibati vya chuma, na vibati hivyo, vikipitishiwa umeme wa betri za sola, viliyavunja maji yakawa gesi, haidrojeni na oksijeni kwa pamoja. Ilikula umeme mwingi kuliko ambao ingeutoa. Mkewe, Hamisa, aliwahi kumuuliza kwa nini friza lake la lambalamba lisitumie umeme wa betri hizohizo moja kwa moja. Kondo alimjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Tatizo lilikuwa hewa. Kondo alikuwa fundi kwa miaka ishirini na miwili, na kitu kimoja alichotoka nacho chuo cha ufundi ni kwamba gramu moja ya petroli inataka hewa gramu kumi na tano, pungufu kidogo. Kila injini aliyoletewa aliifungulia mdomo wa hewa kwanza, ndipo akasalimiana na mwenyewe. Hii nayo aliifungulia. Ikakohoa, ikamuunguza nyusi za jicho la kushoto, ikazima.

Hamisa alikuwa pembeni akipima ubuyu wa lambalamba, vikombe vitatu vya maji kwa kimoja cha ubuyu.

"Baba Faraji, hiyo gesi si imetoka kwenye maji na oksijeni yake humohumo?"

"Ndiyo."

"Basi ishachanganywa. Juisi ishachanganywa, unaiongezea maji ya nini?"

Kondo alimcheka kwa huruma. Hamisa akachana kipande cha kanga kuukuu, akauziba mdomo wa hewa, akavuta kamba. Jenereta ikawaka na kutulia, na kwenye ekzosi yakaanza kudondoka maji safi. Akarudi kwenye ubuyu wake.

Mfaume, fundi pikipiki wa banda la jirani, alisikia mlio akaja kutazama. "Umeiwezaje, braza?"

"Wiki tatu sijalala," alisema Kondo. "Mie hewa naijua kwa pua tu."

Ile hewa ambayo injini ilikuwa imeikataa haikuwa na pa kwenda, ikamwingia Kondo. Ndala zake zikaachana na ardhi kwa vidole viwili. Mfaume aliitazama ile nafasi, akasema watu wa gesi ndivyo wanavyokuwaga, akaazima spana namba kumi na nne.

Jioni Kondo aliisimulia habari hiyo kwenye kijiwe cha kahawa mara tatu, akarudi nyumbani akiwa juu shubiri nzima. Hamisa alimfunga kiunoni kamba ya kuanikia nguo, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa friza ili mumewe apate kula ametulia. Kondo alijua fika alichojazwa. Dawa yake aliijua pia, ilikuwa sentensi moja, tena fupi, na kila siku alikusudia kuisema baada ya chai.

Siku hazikupita nyingi ikaja simu kutoka karakana moja ya Mikocheni. Habari za jenereta ya maji zilikuwa zimewafikia, na walimtaka mtu aliyepata kipimo chake cha hewa. Nafasi ilikuwa moja, ya mshahara wa kila mwezi.

"Akija huyo mtu wao, mwambie ukweli," alisema Hamisa. "Mie naitaka hiyo kazi. Sijawahi kutaka kitu hivi."

"Nitamwambia," alisema Kondo, na nyayo zake zikagusa sakafu.

Alhamisi akafika mhandisi wao, Demetria, na fomu yake mkononi. Akamwamkia Kondo shikamoo, akaisikiliza jenereta, akauliza ni nani aliyefikiria kuifungia hewa. Hamisa alikuwa amevaa kitenge chake cha Idi na kusugua vidole mpaka rangi ya ubuyu ikaondoka. Kondo alimtazama. Akafungua kinywa kwa nia njema kabisa.

"Ni mimi," alisema. "Uzoefu, binti yangu."

Alipaa hadi kisogo kikagonga bati. Demetria alimwomba Hamisa amvute chini kidogo mzee atie sahihi, na Hamisa akamvuta. Chini ya fomu palikuwa na mahali pa shahidi. Hapo akasaini Hamisa.

Siku hizi Hamisa humpeleka Mikocheni kila asubuhi akiwa ameshika kamba, kwa sababu upepo wa barabarani hauaminiki. Getini mlinzi huandika kwenye daftari: Kondo, mtaalamu wa michanganyiko. Mstari wa chini huandika: Hamisa, mshika kamba. Kondo huusoma mstari huo kutoka kule juu, na kila siku husema atawaambia waurekebishe. Hamisa hukaza fundo, humuuliza kama linambana, kisha hurudi Mtoni kupima ubuyu.