Kwangu Hupigwa Hodi

Chumba kisicho na mlango hufungwa kwa kitanda. Kila jioni Msusi na binti yake walikiburuta chao mpaka penye uwazi wa turubai, mama akalala upande wa nje, binti upande wa ndani, panga chini ya mto. Juma lililopita mkono wa mwanamume ulipenya kwenye turubai ukaanza kupapasa. Msusi aliung'ata kidole kimoja mpaka akahisi mfupa. Mwenye mkono alitimua mbio, lakini tangu hapo binti halali. Usiku hukodoa macho, mchana anasinzia darasani.

Kwa hiyo msanii alipopiga simu kumwalika kwenye maonyesho, Msusi hakuuliza habari za sanaa.

"Ule mlango wangu mnao?"

"Tunao, mama. Ndio roho ya kazi nzima."

"Haya. Nakuja."

Msanii hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Tingatinga lilipomaliza kusawazisha mtaa wao, alikuja na kinasa sauti, akaketi juu ya matofali, akamsikiliza Msusi mpaka jua likazama. Hata machozi yalimtoka. Akaomba auchukue ule mlango auhifadhi usije ukaibwa, na Msusi, ambaye siku hiyo hakuwa na ukuta wa kuuegemeza, akakubali. Ufunguo alibaki nao mwenyewe. Aliuvaa shingoni kwa uzi, na binti yake alizoea kumtania: "Mama ana ufunguo wa hewa."

Jumba la maonyesho lilikuwa na baridi ya kiyoyozi na giza la makusudi. Wageni walipanda mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva wa tingatinga, kiti cha kweli na vyuma vyake, mbele ya skrini iliyojaa ukuta mzima. Ulikuwa mchezo, kama ile ya vijana ya kupigana na kufukuzana, ila huu wa watu wazima wenye kufikiri. Kwenye skrini palikuwa na mtaa wa mabati, na katikati mwanamke amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Alivaa kanga ya Msusi. Alikuwa na makalio ya Msusi pia, na hayo hakuna aliyeyaombea ruhusa. Dereva alikuwa na vitufe viwili, VUNJA na SUBIRI. Juu kabisa namba kubwa ilionyesha waliochagua kusubiri: tisini na moja katika kila mia.

"Unaona, mama?" msanii akamnong'oneza. "Watu wana utu."

"Naona. Siku ile walikuwa wapi hawa wote?"

Msanii akacheka, kisha akaacha. Akampa mkono apande kiti. "Jaribu na wewe."

Msusi akabonyeza SUBIRI. Tingatinga likazimika. Muziki wa taratibu ukaanza, mwanamke wa kwenye skrini akaingia ndani kwake, jua la kuchorwa likatua, maandishi yakatokea: Umechagua utu. Asante. Nyuma yake mgeni mmoja akapenga kamasi.

"Na kesho yake?" Msusi akauliza.

"Kesho yake nini?"

"Limesubiri, sawa. Hata la kwetu lilisubiri. Dereva alikunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, akaniambia, dada, mimi nangoja simu tu. Simu ikalia. Sasa hili lenu, kesho yake linakwenda wapi?"

"Mchezo unaishia hapo, mama."

"Ahaa."

Wageni wakitoka kitini walipitia chumbani kwake. Kilikuwa chumba chenyewe, kimejengwa upya kwa maelezo yake mwenyewe: kitanda, beseni, kioo cha wateja wa kusuka. Ukutani walikuwa wametoboa kidirisha ambacho hakuwahi kuwa nacho, ili watu wachungulie. Na penye mlango, mlango wake. Rangi ya bluu, chini umezibwa kwa bati la debe, na usawa wa kifua rangi imechubuka kwa ngumi za majirani waliopiga hodi miaka yote ile. Wageni waliingia na kutoka. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Yule wa kamasi alijibwaga kitandani ajipige picha.

Msusi akamfuata meneja wa jumba, aliyekuwa akiwatembeza wafadhili. Wafadhili hao ndio waliojenga maduka pale mtaani kwao. Jina la kampuni yao lilikuwa ukutani, chini ya neno Shukrani.

"Baba, nimekuja kuchukua mlango wangu. Binti yangu analala wazi."

"Mama, tunakuelewa sana," meneja akasema. "Lakini huu sasa ni kazi ya sanaa. Una bima. Ukitoka hapa unasafiri nchi za nje. Na jina lako tumeliandika pale pembeni."

"Jina halizuii mkono wa mtu."

"Tutaangalia cha kufanya. Wewe subiri kidogo."

Msusi akamtazama. Maisha yake yote ameambiwa neno hilo, na wanaolisema daima wana pa kulala.

"Nitasubiri kwangu," akasema.

Akaingia chumbani, akamshika mkono mgeni wa kitandani akamtoa nje kwa upole, kama anavyotolewa mtoto wa jirani saa ya kulala ikifika. Akafunga mlango. Ufunguo ukakwama palepale unapokwama siku zote, akauinua kidogo, ukazunguka. Kitasa kikatoa mlio wake. Alikuwa ameukumbuka kuliko nyumba yenyewe.

Nje wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

"Mama, fungua," meneja akasema.

"Kwangu hupigwa hodi."

"Usitutie aibu mbele ya wageni, tafadhali."

"Aibu yangu mmeiwekea taa. Piga hodi, nikukaribishe, tuongee nani atanibebea mlango huu mpaka kwangu. Hutaki, namwita binti yangu tulale hapa. Kitanda si kipo?"

Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analijua, na meneja hakulitoa. Sauti ya msanii ikasikika, "Lakini tungeweza tu kumpa," ikakatwa. Kisha zikaja hatua nzito za mlinzi, mzee aliyemfungulia Msusi geti mchana ule na kumwamkia vizuri.

"Mkuu, tumpe muda kidogo. Ni mama wa watu huyu."

"Mlango una bima," mfadhili mmoja akasema.

"Umesikia," meneja akamwambia mlinzi. "Vunja."

Msusi akaegemeza mgongo mlangoni, akakita miguu sakafuni. Kupitia kidirisha aliwaona wageni wameinua simu. Nyuma yao kiti cha dereva hakikuwa kitupu. Mama mmoja wa heshima zake alikuwa amekipanda, machozi yakimlengalenga, kidole juu ya kitufe. Mtaimbo wa mlinzi ukapiga mara ya kwanza, pale palipochubuka, ukamfika Msusi begani.

"Hiyo siyo hodi," akasema kwa sauti.

Ukapiga tena. Muziki wa taratibu ukaanza, na kule juu ukutani namba ikapanda: tisini na mbili.