Sakafu Iendayo Ndani

Kwa Baba Gora, kioo kilichochorwa hakilazwi kwa mgongo. Hiyo ndiyo sheria niliyofundishwa kabla hata ya kuosha brashi. Sisi rangi tunaipaka nyuma ya kioo, na mtu anaitazama picha kwa mbele, kwa hiyo mgongo ndio picha yenyewe. Unaweka vibao viwili mezani, kioo kinakaa juu ya vibao, mgongo unapata hewa. Kabla yangu alikuwepo msichana mmoja aliyesahau vibao mara moja tu. Siku hiyo hiyo alirudi kwao na brashi zake kwenye mfuko wa plastiki.

Nami siku ile vibao nilivitoa kwa mkono wangu.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya msimu wa mvua, lile joto la mji wetu wa Ndar ambalo hata kuta hutoka jasho. Baba Gora alikuwa amekwenda Louga kuhani msiba. Aliniachia funguo.

"Ngoné, kioo cha Adja Yacine usikiguse. Kesho alasiri anakuja. Fremu mpya nitaitia mimi nikirudi asubuhi."

"Ndiyo, baba."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia, baba."

Nilikuwa nimesikia. Lakini wiki nzima kile kioo kilikuwa ukutani mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nimekwisha kutekwa nacho. Kilimwonyesha marehemu baba yake Adja amekaa kwenye kiti, miguuni makubadhi ya njano, na nyuma yake mlango, na ndani ya mlango mlango mwingine mdogo. Aliyekichora alikufa zamani, hata jina hakuacha. Kile chumba kilikuwa na ndani. Ungeweza kuingia, ukakanyaga vigae vyekundu na vyeupe, ukampita mzee kwa adabu, ukatokea ule mlango wa mwisho.

Picha zetu hazina ndani. Tuna sanduku la karatasi za mfano. Unaweka kioo juu ya karatasi, unafuata mistari kwa wino, basi. Kwa nini mstari upo pale, hakuna anayeuliza. Sakafu zetu zimesimama kama ukuta. Mteja mmoja alimwambia Baba Gora mbele ya watu, "Mzee, huyu shehe wako amekaa au amebandikwa?" Watu wakacheka. Baba Gora naye akacheka, lakini chai yake ilipoa bila kunywewa.

Nikafunga mlango nusu, nikakishusha kioo, nikakitoa kwenye fremu. Nikakilaza juu ya vibao, uso juu. Nikaweka kioo kitupu juu yake nianze kufuata mistari, lakini vioo viwili vilikuwa vinacheza kwenye vibao. Kila nikiegemea, mstari unahama. Nikaanza na makubadhi, yakatoka. Vigae vikanishinda. Nikajiambia, dakika chache tu. Nikachomoa vibao, nikaviacha vioo vikae juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani.

Sasa vilitulia. Nikachukua uzi na vipande vya sabuni. Nikanyoosha uzi juu ya mstari mmoja wa vigae, nikaubana kwa sabuni huku na huku. Nikanyoosha wa pili. Wa tatu. Nikauweka mwingine juu ya ukingo wa dari. Mistari ya sakafu ilikuwa inapanda, ya dari inashuka, yote inakimbilia mahali pamoja: ndani ya mlango ule mdogo, sawasawa na kimo cha macho ya mzee. Nikaweka kidole pale. Nyuzi nne chini ya ncha ya kidole kimoja! Nilitaka kupiga kelele.

"Kumbe leo umepewa uongozi!"

Niliruka. Alikuwa Sira, muuza kahawa wa mlangoni, amechungulia na birika lake.

"Unafunga mlango mchana, una mwanamume humo?"

"Nafagia, dada Sira."

"Unafagia kwa uzi? Haya. Mimi sijaona kitu." Akaondoka akicheka, na ile "sijaona kitu" yake ikanitia baridi mgongoni kwenye joto lote lile.

Nikavuta nyuzi haraka. Nikaondoa kioo cha juu. Nikashika cha chini kwenye pembe, nikainua. Hakikuja. Nikainua kidogo zaidi, nikasikia sauti ndogo, kama ganda la kitunguu likibanduka.

Kioo kilikuja. Kipande cha picha kikabaki mezani.

Kilikuwa kama kiganja changu, kimeng'ang'ania plastiki: vigae vya pembeni na nusu ya kubadhi. Nilipojaribu kukibandua kwa wembe kikawa unga. Nikakiinua kioo usawa wa macho. Chini ya miguu ya mzee palikuwa na tundu, na ndani ya tundu nikaona vidole vyangu.

Sikulia. Nilikaa chini kwenye saruji nikahesabu yatakayonikuta. Baba Gora atanifukuza, hilo halina mjadala. Nitarudi Guet Ndar, mtaa wa wavuvi, kwa mama kukausha samaki, na kila asubuhi nitapindua samaki upande huu na upande ule mpaka uzee. Sitashika brashi tena. Niliwajua wanawake watatu wa mtaani kwetu wanaochora kwa mkaa kwenye kuta za jikoni, watoto wanafuta.

Kisha nikainuka. Kubadhi nilikuwa nalo. Nililifuata kwa wino kwenye kioo kitupu kabla sijatoa vibao. Vigae sikuwa navyo, lakini nilijua mistari inakwenda wapi. Nikarudisha nyuzi, nikazipitisha juu ya tundu mpaka mlango mdogo, nikachora mistari pale zilipopita. Wino kwanza, maana kwetu kinachoonekana juu kabisa ndicho kinachochorwa mwanzo. Wino ulipokauka nikapaka nyekundu na nyeupe kwenye vigae, njano kwenye kubadhi, nikazichafua na kahawia kidogo zifanane na uzee. Nikawasha jiko la mkaa, nikakishika kioo mbali na moto, nikipepea, nikimwomba Mungu kisipasuke. Nilipepea mpaka magharibi. Rangi ya mafuta msimu wa mvua haikauki kwa dua. Nikakirudisha kwenye fremu rangi bado inanata, nikatundika.

Asubuhi Baba Gora akarudi amechoka. Akatia fremu mpya, amevaa miwani yake, nami nimesimama nyuma yake nimeshika kopo la misumari, misumari inalia ndani ya kopo.

"Una homa?"

"Hapana, baba."

"Basi tulia, misumari inanipigia ngoma."

Hakuona. Ama aliona uso wa kioo tu, na uso ulikuwa mzuri. Hata mgongo aliufunika haraka kwa kadibodi.

Alasiri Adja Yacine akaingia, amejitanda nguo ya samawati, mwanamke mkubwa anayeshusha pumzi kila hatua. Akawekewa kiti. Baba Gora akampa picha mapajani. Akamsalimu baba yake kwanza, kwa jina la ukoo, mara tatu, kama amekutana naye njiani. Kidole chake chenye hina kikashuka polepole miguuni pa mzee.

"Gora. Kigae changu kiko wapi?"

"Kigae gani, Adja?"

"Kilichopinda."

"Vigae vyote vimenyooka, Adja."

"Ndicho ninachokuuliza! Vyote vimenyooka. Baba alikibandika mwenyewe kile, fundi alipogoma. Kikapinda. Mama alimcheka miaka thelathini. Mchoraji alipokuja, baba akamwambia, na hicho kitie, nisisingiziwe ufundi. Mimi nimekua nikikikanyaga. Kiko wapi?"

Baba Gora akavua miwani. Akageuza kioo, akafungua kadibodi, akagusa. Kidole chake kikatoka chekundu.

Hakunitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Nani?"

Ningeweza kunyamaza. "Ni mimi, baba. Nilitoa vibao."

"Wewe binti wa nani?" akauliza Adja.

"Wa Bineta, mkausha samaki."

"Na nani alikupa ruhusa ya kumrekebisha baba yangu?"

Akaigonga fremu kwa kidole. Akasema, "Kirudishe. Hapa hapa, mimi naona."

Nikafuta rangi mbichi ya vigae kwa kitambaa, wino kwa wembe. Tundu likarudi. Adja akakishika kioo mapajani, wima, uso kwake na mgongo kwangu, nami nikapiga magoti na kalamu. Kupitia tundu nikaliona jicho lake. Jicho moja, jekundu kwa wanja na machozi, linanitazama kutoka chini ya miguu ya marehemu.

"Kinaelekea kushoto."

Nikaenda kushoto.

"Kushoto kwangu, we mtoto! Wewe uko nyuma!"

Nikafuta. Nikaenda kulia.

"Zaidi. Zaidi kidogo. Aa, sasa umezidi, baba hakuwa mlevi!"

Mstari ulionyooka una uzi wa kukuongoza. Uliopinda ulikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja tu, nami nilitakiwa kuuchukua kutoka kwenye jicho lake. Mara ya tano akasema, "Ehee," na jicho likafumba. Nikapaka rangi. Akasema atarudi wiki ijayo ikikauka, na akitoka akamwambia Baba Gora, "Mkono anao. Adabu ndiyo hana."

Tulibaki wawili. Baba Gora akasema, "Funga mlango."

Nikaufunga. Nikasimama nimeuegemea, nangoja kofi au neno.

"Siku arobaini hutashika kioo cha mteja. Utaosha brashi na kufagia. Ukigusa hata pembe, uende kwa mama yako."

"Ndiyo, baba." Siku arobaini zina mwisho.

Lakini hakuwa amemaliza. Akainua mkeka anaokalia, akatoa karatasi ambazo sikuwahi kuziona, zimekunjwa zikafunguliwa hata zimelainika kama nguo. Kila moja ilikuwa na ua wa msikiti, na kila sakafu imefutwa ikachorwa, imefutwa ikachorwa, mpaka karatasi imetoboka. Sakafu zote zilikuwa zimesimama kama ukuta.

"Ile mistari," akasema, hanitazami. "Ulijuaje inakwenda wapi?"

Kumwambia ukweli ni kumwambia mwalimu wangu kwamba miaka yake yote amekosea, na siku arobaini nilikuwa nimezipata dakika ile ile tu. Akangoja. Nikapiga magoti mbele ya karatasi, nikatafuta kimo cha macho ya mtu aliyesimama uani, nikaweka kidole pale, juu ya kazi yake.

"Hapa, baba," nikasema. "Yote."